Kusimama Mara Tano

Jumanne ile asubuhi Mzee Kisyeri alikaa chini bila kupanga kukaa. Alikuwa ametoka kumtazama ndama, akageuka haraka kuliko magoti yake yalivyopenda, na mara akajikuta ameketi udongoni mbele ya zizi, miguu imenyooka, kofia bado iko kichwani, fimbo imemkimbia hatua tatu. Hakuumia hata kidogo. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana aliyevunjika mguu ana sababu ya kukaa chini, lakini yeye alikuwa mzima, ana meno yake karibu yote, macho yanaona mpaka barabarani, na bado kunyanyuka hawezi.

Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, kisha kwa yote miwili huku akimtukana ndama na mama yake ndama. Mapaja yalitetemeka kidogo, yakagoma. Ndama alimtazama kwa muda, akaona hakuna jipya, akaendelea na mambo yake.

Pale nyumbani, katika kijiji cha Nyarero, alikuwepo mtu mwingine mmoja tu, naye alikuwa Rhobi, mkamwana wake, mke wa mwanawe Vedasto. Wajukuu walikuwa shuleni. Rhobi alikuwa mwanamke wa kutoa gunia la mahindi shambani hadi uani bila kupumzika njiani, na mzee mwenyewe siku hizi hakufika uzito wa gunia. Tatizo ni kwamba kwao mkamwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hakalii kiti chake, hapiti mbele yake akila. Nyumba nyingi zimeanza kuyalegeza hayo, ila Rhobi alilelewa na mama mkali, na tangu aolewe miaka tisa iliyopita hakuwahi kumwambia mzee neno uso kwa uso. Akitaka kusema chai iko tayari, aliwaambia kuku.

"Kuku nyie, kuna mtu ameanguka huko?" aliuliza akiwa mlangoni mwa jiko.

"Hakuna aliyeanguka," mzee alijibu, macho kayaelekeza zizini. "Nimekaa."

Rhobi akawaambia kuku kwamba kama ni hivyo, basi sawa. Lakini jikoni hakurudi. Alitoka mbio mpaka barabarani kutafuta mwanamume wa kumnyanyua mzee, akakuta barabara tupu, kwa sababu ilikuwa siku ya mnada na wanaume wote walikuwa mnadani, wenye ng'ombe na wasio na hata mbuzi. Akarudi. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Alichukua mwavuli wake wa kwenda kanisani, akapita kwa nyuma akiwa ameangalia pembeni, akauchomeka ardhini karibu na mzee, akaondoka upesi. Baadaye akasogeza kikombe cha uji kwa mpini wa jembe, taratibu, uji ukamwagika nusu.

Basi Mzee Kisyeri, aliyewahi kuogopwa na vijana wa vijiji vitatu, alikaa chini ya mwavuli wa maua mekundu tangu saa tatu hadi saa saba. Rhobi alisimama mbali, kanga mdomoni, akilia bila sauti. Mzee aliona anavyolia na akajifanya haoni.

Aliyemwokoa ni Emanueli, jirani na mtu wa rika lake. Walitahiriwa siku moja, kwa hiyo Emanueli alikuwa na haki ya kumwambia lolote, na hakuiacha haki hiyo ilale. Alicheka mpaka ikabidi ashike nguzo ya zizi, nusura wazee wa kunyanyuliwa wawe wawili.

* * *

Ni Emanueli huyo huyo aliyeleta habari wiki iliyofuata. Alisema kuna madaktari wa utafiti wamekuja mjini, wapo katika jengo moja la kupanga kule Turwa, wanatafuta wazee waliovuka miaka sitini na mitano ambao kunyanyuka kitini kunawashinda.

"Mura, tumepata kazi ambayo sifa tunazo," alisema.

Walikwenda. Aliyewapokea ni binti mmoja mchangamfu aitwaye Zuleha, mtoto wa wafanyabiashara wa Mugumu, aliyewaamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika na kuwaandalia viti viwili vigumu visivyo na mikono ya kuegemea. Viti vyenyewe ndio mtihani. Mtu anakunja mikono kifuani, anasimama, anakaa, anasimama, mara tano, na Zuleha ana saa mkononi. Kutumia mikono hakuruhusiwi. Mzee Kisyeri alisimama mara moja, ya pili akaishia katikati, akarudi kitini kwa kishindo. Emanueli alisimama mara mbili, akatazama huku na huku kama aliyeshinda uchaguzi.

Kisha wakapewa chuma cha kubana kwa kiganja, wakatembezwa kati ya mistari miwili sakafuni, wakapimwa mzunguko wa mashavu ya miguu kwa utepe wa fundi cherehani. Zuleha alieleza kwamba misuli ya mtu huanza kupungua kimya kimya anapozeeka, kwa wengine polepole, kwa wengine kwa kasi, na kwamba si kurogwa wala si uvivu. Utafiti wao ulitaka kujua kama mazoezi ya nyumbani pamoja na unga fulani wa kunywa vinaweza kurudisha nguvu. Hakuahidi kitu. Alisema wazi kwamba huenda visisaidie, na kwamba mtu ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote.

Mzee Kisyeri alisikiliza yote, akauliza swali moja. Alitaka kujua kama misuli ikirudi, utafiti ukiisha itabaki kwake au wataondoka nayo. Zuleha alicheka, akamhakikishia itabaki kwake. Mzee akaweka dole gumba kwenye wino.

Hakumwambia Zuleha alichokitaka hasa. Hakutaka kukimbia wala kulima. Alitaka akianguka tena aweze kusimama mwenyewe, ili mwanamke yule asije akalazimika kusimama mbali na kulia kwa ajili yake. Kama hilo haliwezekani, basi angehamishiwa kwa binti yake kule Musoma, kwenye chumba cha uani kwa mkwe, na hapo angekufa kwa aibu kabla uzee haujammaliza.

Kugawanya makundi, kompyuta ndiyo iliyopiga kura. Ikamweka Mzee Kisyeri kwenye kundi la mazoezi na unga, na Emanueli kwenye kundi la kusikiliza mafunzo ya afya tu. Emanueli alikasirika kweli kweli. Alisema yeye mafunzo amesikiliza tangu akiwa mtoto na hayajamnenepesha. Zaidi ya hapo, watu wa mafunzo walikatazwa kuyaona mazoezi ya wenzao mpaka wiki kumi na mbili ziishe, wasije wakayaiga na kuharibu matokeo.

* * *

Kulikuwa na sharti moja dogo. Kila mzee wa mazoezi awe na msaidizi anayeishi naye, mtu mzima mwenye nguvu, atakayesimama nyuma yake na kumshika kiunoni asianguke. Msaidizi huyo aje Turwa siku moja kufundishwa, aweke sahihi.

Hapo mzee akakwama. Mke wake alifariki mwaka wa mafuriko. Mabinti zake wameolewa mbali. Emanueli hakuruhusiwa hata kuchungulia. Akampigia simu Vedasto, aliyekuwa kwenye kazi ya ujenzi upande wa Manchira, wilaya jirani, akimwomba siku moja tu. Vedasto alikuja kwa pikipiki, akafundishwa, akaweka sahihi, na jioni akarudi Manchira kabla msimamizi hajampa mtu mwingine nafasi yake. Zuleha alipouliza kama wanaishi pamoja, mzee aliwahi kujibu kabla mwanawe hajafungua mdomo.

"Ua mmoja," alisema.

Ulikuwa uongo, na aliujua ni uongo, ila aliuona mdogo.

Siku mbili za kwanza alijaribu peke yake barazani, juu ya benchi. Ya pili alipepesuka, akadaka nguzo kwa kucha. Akakaa akifikiri. Ujana wake wote Mzee Kisyeri alikuwa mchimba visima. Alichimba Tarime, akachimba Serengeti, visima ishirini na viwili, na katika kazi hiyo mtu huteremshwa shimoni kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu, na mwenzake yuko juu ameshika ncha ya pili. Hawagusani. Hawaonani hata kuonana. Lakini wa chini akiteleza, wa juu anamkamata.

Gurudumu bado lilikuwa stoo, kamba pia. Alimwomba fundi baiskeli wa jirani apande na kulifunga kwenye boriti ya baraza. Kamba akajifunga mwenyewe chini ya makwapa, juu ya koti zito ili isimkate, ikapanda mpaka kwenye gurudumu, ikashuka na kuingia sebuleni kupitia dirishani. Kisha, akiwa amesimama uani, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake.

"Kuku nyie," alisema, na kukohoa. "Kama kuna mtu mwenye nafasi saa mbili kila asubuhi, kuna kamba huko ndani inataka kushikwa."

Kisha kutoka sebuleni kamba ikavutwa mara moja, ikakaza, ikalegezwa. Ndivyo ilivyo ishara ya wachimba visima ya kusema nimekushika, na mzee hakujua Rhobi aliijulia wapi. Labda aliisikia siku mzee alipokuwa akimsimulia Vedasto. Alifurahi kuliko alivyotaka kufurahi.

Kuanzia siku hiyo mambo yakaenda. Saa mbili mzee anaketi kwenye benchi, anakunja mikono, anajihesabia mwenyewe kwa sauti. Akipepesuka, kamba inakaza. Akitulia, inalegea. Rhobi ndani hasemi neno. Unga aliunywa akikunja uso, akisema una ladha ya chokaa iliyotiwa sukari kwa huruma. Wiki ya tatu akasimama mara mbili. Wiki ya tano mara tatu, ya tatu ikiwa na msaada mdogo wa kamba ambao kwenye daftari la mazoezi hakuuandika.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Bombani wanawake walimuuliza Rhobi kama baba mkwe wake ameshaachishwa kunyonya au bado amefungwa kamba. Mmoja alisema yeye mkwe wake angemfunga mdomo. Rhobi alichota maji yake, akajitwika, akaenda zake. Kesho yake saa mbili kamba ilikuwa imeshikwa.

* * *

Wiki ya sita Zuleha alikuja bila taarifa. Si kwamba alikuwa anavizia. Utaratibu wa utafiti ulitaka kila nyumba itembelewe mara moja ghafla. Alishuka kwenye bodaboda, akaingia uani, na alichokiona ni mzee wa miaka sabini na minne mwenye kamba kifuani, kamba imepanda kwenye boriti, imeingia dirishani, na mzee anatoka jasho.

Mzee Kisyeri alishtuka kumwona. Mguu ukateleza. Ndani, Rhobi akahisi uzito, akavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu zake mnazijua. Mzee akainuka juu, vidole vya miguu vikabaki vinatafuta sakafu, kofia ikaanguka.

Zuleha alikimbilia dirishani, akaamuru kamba ilegezwe. Rhobi alitoka nje ameshika ncha. Akaulizwa anafanya nini. Baba mkwe alikuwa pale, hatua nne tu, na mbele ya baba mkwe Rhobi hana sauti. Alitazama chini. Akaulizwa tena, akazidi kutazama chini.

"Vedasto yuko wapi?" Zuleha alimgeukia mzee, akimfungua fundo.

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema kweli. Ilikuwa nafasi nzuri, ndefu ya kutosha. Mzee Kisyeri akauona utafiti unamponyoka, akaiona Musoma na kile chumba cha uani.

"Ametoka kidogo," alisema.

Zuleha hakuuliza tena. Aliandika jambo, akampima mzee mapigo ya moyo, akaondoka bila kumuaga Rhobi.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Manchira, kwa njia ambazo habari hufika. Vedasto akapiga simu. Mzee alikuwa barazani na jiko halina dari, kwa hiyo alisikia sauti ya mwanawe ikimfokea mke wake, ikiuliza ni mwanamke gani anamfunga mzee wa watu kama ng'ombe wa mnada, na kama amemchoka si aseme. Rhobi alijibu maneno machache tu. Hakusema baba yako ndiye alitaka. Hakusema baba yako amedanganya. Simu ilipokatika alisikika akipuliza moto kwa muda mrefu, na moto ulikuwa unawaka.

Mzee Kisyeri aliona aibu. Haikuwa ile ya kukaa chini ya mwavuli. Ile ilikuwa ya mwili, na mwili si kosa lake. Hii aliitengeneza mwenyewe kwa maneno mawili, na chakula cha jioni kikarudi jikoni kilivyokuja.

* * *

Alhamisi walikuja watatu. Zuleha, mkuu wake Daktari Hamidu, mtu mpole mwenye miwani, na mama wa ustawi wa jamii aitwaye Teresia, mwenye mkoba mkubwa na miaka mingi ya kuona mabaya. Rhobi alitoa viti, akaleta chai, akaenda kusimama kwenye kona ya nyumba. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha mbao.

Mama Teresia alizungumza kwa heshima. Alisema wazee wengi wanateswa majumbani na hawasemi kwa sababu wanaowatesa ndio wanaowalisha. Alisema yeye amekwisha kumpigia simu binti wa Musoma, na binti yuko tayari kumpokea baba yake mambo haya yakichunguzwa. Kisha akamwita Rhobi asogee, akamuuliza kwa nini alimfunga mzee.

Rhobi alisogea hatua moja. Midomo ilitikisika, neno halikutoka.

"Mtu akinyamaza hivi," Mama Teresia aliwaambia wenzake, "mara nyingi anajua alichokifanya. Kesho atakuja ofisini aandikishe maelezo."

"Hajanifunga huyu," alisema Mzee Kisyeri.

Wakamtazama.

"Kamba nilifunga mimi, kwa mikono hii. Vedasto yuko Manchira tangu siku ile aliyoweka sahihi. Niliwadanganya nyinyi, na juzi nikamdanganya binti huyu tena, kwa sababu niliogopa mtanitoa. Huyu alinyamaza kwa heshima yangu, nami nikaitumia heshima yake kujificha." Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kona ya nyumba, bila kumtazama aliyekuwa pale. "Mimi nimechimba visima. Shimoni huteremki kama aliyeshika kamba humwamini. Siku thelathini na tano nimeteremka mikononi mwa huyu, na hajaniangusha. Mkitaka wa kuandikisha maelezo, niandikisheni mimi."

Mama Teresia alifunga mkoba wake polepole. Alikuwa mtu wa haki, na aliona aibu kidogo, akamwambia Rhobi pole, mwanangu.

Daktari Hamidu alivua miwani, akaifuta. Alisema amemwelewa mzee, na kwa kweli kamba ile imempa la kufikiria. Lakini utafiti una masharti yake, na hili lilikuwa la usalama. Msaidizi aliyeandikwa hayupo, aliyepo hajafundishwa, na kamba kwenye boriti hakuna kamati itakayoikubali. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Rhobi aje Turwa, afundishwe, aweke sahihi, na kuanzia hapo amshike mzee kiunoni kwa mikono yake, kama wasaidizi wengine wote. La sivyo, itabidi mzee atolewe leo hii.

Mzee Kisyeri alifikiri. Mwiko wa ukwe una njia zake za kutengenezwa. Angewaita wazee, angechinja mbuzi, wangesema maneno, mambo yangeisha. Watu wangecheka mwezi mmoja. Alikuwa tayari. Alifungua mdomo aseme ndiyo.

Rhobi akawahi. Alimwambia Zuleha, kwa sauti ya chini, mgongo kaugeuzia mzee.

"Mwambie daktari siwezi. Baba yangu mzazi nilimbeba mgongoni mwaka mzima mpaka akafa, kwa hiyo kubeba nakujua. Lakini huyu nikimshika leo kusimama, kesho nitamshika kwenda chooni, keshokutwa ataacha kujaribu. Nimeona inavyokuwa. Kamba nitashika mpaka achoke mwenyewe. Kumshika, hapana."

Daktari Hamidu akatoa fomu, akaandika jina la Mzee Kisyeri, akaandika sababu, akatia sahihi na tarehe. Alifanya hivyo kwa masikitiko, na alisema hivyo. Unga uliobaki angeurudisha. Mazoezi, bila shaka, hakuna anayeweza kumkataza mtu kufanya kwake.

Zuleha hakuwa anaangalia fomu. Alikuwa anamwangalia mzee, ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akiwa na saa mkononi.

"Mzee," alisema, "nani amekusimamisha?"

Mzee Kisyeri hakuelewa. Kisha akatazama chini, akakiona kiti chake nyuma yake, hakina mtu. Alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama tangu aliposema hajanifunga huyu, mikono hewani, hajashika nguzo, hajashika fimbo, na kwa hasira zake hakugundua. Magoti yalipojua yameonekana yakaanza kutetemeka, lakini hayakumwacha.

Zuleha alichukua kalamu upesi. Daktari Hamidu akamtazama, akatazama fomu yenye sahihi yake mbichi.

"Hii hatuwezi kuiandika," alisema.

"Najua," alisema Zuleha, na kalamu akairudisha mfukoni.

Mzee aliwasindikiza wageni mpaka njiani, kwa miguu yake, kwa sababu aliogopa kukaa wasije wakamwona akishindwa kuinuka. Emanueli alikuwa amesimama kwenye uzio wake, shingo ndefu, akijifanya anarekebisha waya. Alitaka kujua kumetokea nini. Mzee akamwambia amefukuzwa utafiti. Emanueli alimpa pole, kisha akauliza kama sasa ni halali yeye kuyaona hayo mazoezi. Mzee akamwambia hapana, arudi kwenye mafunzo yake.

Aliporudi barazani vikombe vilikuwa vimeshaondolewa. Akakaa. Akasikiliza kama kuna mtu anamwona. Rhobi alikuwa jikoni, sufuria zinagongana. Mzee akakunja mikono kifuani, akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Ya tatu alipumua kwa kelele. Ya nne ilichukua muda mrefu, mapaja yakiwaka moto, mgongo ukiuliza ni kwa faida ya nani, na alipofika juu aliona inatosha. Nne ni nyingi kwa mtu asiyeandikwa popote. Akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kofia.

Sufuria zilikuwa zimenyamaza.

"Bado moja, Tata," ilisema sauti ya Rhobi kutoka mlangoni mwa jiko. Alimwambia yeye, kwa jina la baba, macho yake yakimtazama.

Mzee Kisyeri aliiacha kofia. Akakunja mikono kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta, kwa sababu kutumia mikono hakuruhusiwi. Akasimama.